Zamu ya Sweta

Simu iliita Nasimiyu akikwangua magamba ya ngege sokoni Kitale, na kabla hajajifuta mikono alishajua ni watu wa ziwani. Tangu boti ipinduke alikuwa akipigiwa kutwa, na wengi walitoa pole kwa sauti ya mtu anayetafuta habari za kwenda kusimulia kwingine. Hii haikuwa simu ya namna hiyo. Aliyepiga alikuwa msimamizi wa bichi ya wavuvi kule Kalokol, mtu asiyejua kuzungusha maneno.

"Mama, tumepata mmoja. Amevaa sweta ya mtu wako. Tumemweka kwa lori ya samaki, ndani ya barafu. Kesho atakuwa hapo mochari ya Kitale."

"Mmoja?"

"Mmoja. Huyo mwingine bado."

Boti ilikuwa na watu wawili tu. Wa kwanza ni Khisa, mume wa Nasimiyu, Mbukusu wa Malakisi aliyechoka kulima tumbaku ya baba yake akaenda kutafuta riziki katika Ziwa Turkana. Wa pili ni Ekai, Mturkana aliyekulia Kipsongo, kwenye vile vibanda vya nailoni na mabati makuukuu, mwendo mfupi tu kutoka meza ya samaki ya Nasimiyu. Walivua pamoja, wakala sufuria moja, na samaki wao walipanda malori kupitia Lodwar na Kapenguria mpaka Kitale, ambako Nasimiyu aliwauza. Asubuhi moja upepo wa ziwa lile, ambao haubishi hodi, ulishuka ghafla. Wenzao waliikuta boti imelala kifudifudi, nyavu zimeizunguka, wenyewe hawapo.

Akiru, mama yake Ekai, alikuwa palepale upande wa pili wa meza, ameketi juu ya ndoo. Kila asubuhi alikuja kuchukua vichwa na mgongo wazi, ile mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishatolewa, akaenda kuikaanga na kuiuza Kipsongo. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu mweupe, kwa hiyo samaki aliwachagua kwa vidole. Masikio yake hayakuwa na kasoro yoyote.

"Wamepata nani?" aliuliza.

"Wanasema ako na sweta ya Khisa."

Akiru alikirudisha mezani kichwa cha samaki alichokuwa amekishika. "Basi ni wako," alisema, akaanza kulia hata kabla mwenye mume hajalia.

Sasa, hiyo sweta. Hakuna aliyeijua kuliko Nasimiyu. Aliinunua mwenyewe kwenye mitumba, ya maruni, nzito, yenye kola, akampa Khisa katika safari yake ya kwanza. Khisa aliporudi likizo alimwambia kwa kicheko kwamba ile si yake tena, ni ya boti. Alfajiri kule majini baridi inakata, na wao walikuwa na sweta moja. Anayeshika kasia ndiye anayeivaa. Zamu ikiisha anaivua ikiwa bado na joto lake, anampa mwenzake, yeye anaingia kwenye nyavu. "Siku hizi inanuka Ekai kuliko inavyoninuka mimi," Khisa alisema, wakacheka wote wawili mpaka mtoto akaamka. Kwa hiyo sweta haikueleza aliyepatikana ni nani. Ilieleza tu kwamba aliyepatikana ndiye aliyekuwa zamu. Akiru hakulijua hilo, maana vijana hawawaelezi mama zao habari za kusikia baridi. Nasimiyu alilijua, na alinyamaza.

Asilaumiwe haraka. Kule Malakisi mambo yalikuwa yamekwama vibaya. Kwa Wabukusu, aliyepotelea mahali asionekane hukatiwa shina la mgomba, likavishwa shuka, likalazwa kaburini kwa jina lake, na walio hai wakaendelea na maisha yao. Ukoo ulikuwa tayari. Shina lilikatwa likaletwa hadi uani. Mzee Wabwile, baba yake Khisa, alitoka na panga akalikatakata mbele ya wazee wenzake mpaka utomvu ukamrukia usoni. "Mimi nilizaa mtu," alisema. "Leteni mtu." Kisha akaenda kuketi mlangoni mwa banda lake la kukaushia tumbaku, akakataa chakula. Siku zikapita hivyo. Mashavu yalimwingia, sauti ikakauka, na hakuna mtu aliyeweza kumnywesha hata uji.

Na bila maziko hakuna matanga, bila matanga hakuna kunyolewa, kwa hiyo Nasimiyu mwenyewe alibaki ananing'inia, si mke wala si mjane. Wapo waliokwisha anza kusema kwamba Khisa hakuzama popote, amevuka tu kwa wanawake wa ng'ambo ya ziwa, watu waache kulia bure. Maneno hayo yalimchoma. Alitamani waone maiti ya mumewe ili wafunge midomo, kisha akaona aibu kwa kutamani kitu cha namna hiyo.

Lori lilifika asubuhi. Samaki waliteremshwa kwanza sokoni, kwa kuwa wanunuzi walikuwa wanangoja, na hawakuchelewa kuisha. Hakuna aliyeuliza walisafiri na nani. Kisha lori likaenda mochari. Akiru alifuatana na Nasimiyu mpaka langoni akabaki hapo, maana maiti haikuwa yake.

Kichwa kilikuwa kimezungushiwa kitambaa. Mhudumu alimwonya asikifungue, uso haukuwa tena wa kutazamwa. Sweta ilikuwa ileile, imeganda barafu na mchanga kwenye kola. Nasimiyu aligusa mkono wa ile sweta. Kisha akatazama miguu.

Khisa alizaliwa na vidole viwili vya mguu wa kushoto vimeshikana. Nangila, binti yao, alirithi vilevile, na Khisa alikuwa akisema hiyo ndiyo sahihi yake, hakuna wa kumwibia mtoto. Vidole vilivyokuwa mbele ya Nasimiyu sasa vilikuwa vimevimba na kupauka, lakini kila kimoja kilikaa peke yake. Alivitazama tena. Alijiambia maji yana mambo yake. Alijiambia ngozi ikilowa sana huachana. Alijiambia kila kitu ambacho mtu anaweza kujiambia, huku anajua kabisa kwamba anajidanganya.

"Mama, ni yeye?"

Akilini alimwona mzee Wabwile kwenye mlango wa banda, midomo imempasuka kwa njaa.

"Ni yeye," alisema.

Nje, Akiru alimkumbatia kwa nguvu. Alikuwa mwanamke mfupi, mikono yake inanuka samaki sawa na ya Nasimiyu. "Afadhali wewe umepata," alimwambia. "Utazika, utalala. Mimi yangu ako na mamba huko, si najua. Enda umzike vizuri, mama. Alikuwa mtoto mzuri, Khisa." Hapo ndipo Nasimiyu alipolia kweli, na waliomwona walisema, masikini, alivyompenda mumewe.

Gari la maiti lilipita Kimilili na Chwele, likaingia Malakisi mchana. Kwa sababu ya harufu walimlaza kwenye banda la tumbaku, katikati ya majani yaliyotundikwa. Mzee Wabwile alisimama. Watu walidhani ataanguka lakini hakuanguka. Aliomba ugali, akala wote, akaagiza ng'ombe aangushwe. Wanawake walipiga nduru ya kilio iliyosikika mpaka barabarani. Nasimiyu, aliyeketi juu ya mkeka katikati yao, alimwona mzee akitafuna, na kwa kitambo kifupi aliona kwamba alichofanya kilikuwa sawa.

Kitambo hicho hakikudumu. Jambo moja hakuliwaza njia nzima, jambo ambalo mwanamke yeyote wa Kibukusu angeliwaza kwanza. Wanaume wangemvua nguo maiti ili wamwoshe. Na Ekai alikuwa Mturkana, na Waturkana, tofauti na Wabukusu, hawatahiri. Mwili wake ulikuwa karibu kusema kitu ambacho hakuna sweta ingekifunika. Nasimiyu alikaa pale mkekani akitazama mlango wa banda.

Mzee Wabwile aliingia na wanaume wawili na beseni la maji. Muda si muda wale wawili wakatoka, wanatazamana. Mzee alikuwa amewafukuza kabla nguo haijavuliwa, ati mtoto wake ameharibika, atamwosha mwenyewe. Alikaa humo ndani muda mrefu. Alipotoka hakutazama upande wa wanawake. Alimtuma mtu kwa Wekoye, rika lake, na Wekoye akaja kwa haraka na mfuko wake wa ngozi.

Hakuna mtu hapo asiyemjua Wekoye. Yeye ndiye ngariba, aliyewatahiri nusu ya wanaume waliokuwa wameketi uani, na huu haukuwa mwaka wa tohara. Wengine walidhani amekuja tu kumsaidia rafiki yake kuosha. Nasimiyu hakudhani chochote, alijua. Wekoye alipotoka hakumsalimu mtu. Alikwenda kwenye mtungi nyuma ya jiko, akanawa mikono, akayamwaga yale maji, akanawa tena.

Walimzika alasiri ile. Mhubiri aliombea roho ya ndugu Khisa. Mzee Wabwile alitupa udongo wa kwanza, akasema, "Lala, mwanangu," na sauti yake haikutetemeka hata kidogo.

Siku tatu za matanga zikapita, vichwa vikanyolewa, watu wakaanza kutawanyika. Nasimiyu alikuwa jikoni akichochea moto aliposikia kiti kikiburutwa nje, upande wa pili wa ukuta wa udongo. Mkwe na mke wa mwanawe hawakai wakitazamana, hawashikani mkono, wala hawazungumzi habari za mwili. Mzee alikuwa ameweka ukuta katikati ili aweze kusema.

"Mama Nangila."

"Naam, Baba."

"Yule si wetu."

Kuni zilipasuka motoni.

"Mimi nilijua vile nilimfunua," mzee alisema. "Wewe ulijua lini?"

"Kitale, Baba. Mochari."

"Nilisema leteni mtu. Ukaleta mtu." Alikohoa kwa muda. "Sikukasirika. Nataka ujue hivyo. Lakini watu walikuwa wamejaa boma, ng'ombe amekwisha anguka. Ningesema nini? Na ambaye hajatahiriwa hawezi kulala kwa mchanga ya baba zangu, hiyo siwezi. Kwa hivyo Wekoye akamkata. Mtu amekufa, bana, na tukamkata. Nilimshika miguu kama mtoto anayeogopa, na hakuna kitu alikuwa anaogopa." Sasa alikuwa analia, na hakujaribu kuficha. "Ni kitu mbaya sana tumefanya. Mbaya sana. Lakini imekwisha. Ni mtoto wetu sasa, hapo ni pake."

"Na Khisa, Baba?"

Kiti kiliburutwa, Nasimiyu akadhani mzee ameondoka.

"Akionekana, usimlete," alisema. "Kaburi yake imejaa."

Nasimiyu alikuwa bado anayatafutia maana maneno hayo, kana kwamba yalikuwa na maana nyingine, Akiru alipotokea mlangoni mwa boma kesho yake. Alikuwa ameulizia njia tangu stendi, fimbo mkononi, na kifurushi cha majani ya chai na sukari kwa wafiwa. Aliomba apelekwe kaburini kwanza. Alipiga magoti, akaweka viganja vyake juu ya udongo uliokuwa bado laini, akaupapasa taratibu kutoka kichwani mpaka miguuni, huku akisema maneno ya Kiturkana kwa sauti ndogo. Nasimiyu alisimama nyuma yake akiona mama anampapasa mtoto wake bila kujua. Alitaka kukimbia. Alitaka pia kusema, na neno lilifika mpaka kwenye ulimi, likarudi.

"Nimemwambia asante," Akiru alisema akijifuta vumbi. "Alikuwa ndugu ya mtoto wangu." Kisha akaeleza kilichomleta. Ziwa lilikuwa limemtoa yule mwingine. Alikutwa amenaswa kwenye wavu uliopotea, katikati ya matete, ameletwa Kitale kwa lori lilelile. "Wanasema uso hakuna. Mimi sioni, Nasimiyu. Nani ataniangalilia? Wewe ulijua kuangalia yako. Njoo uniangalilie na yangu."

Wanawake waliokuwepo walinong'ona. Mjane aliyenyolewa juzi hatoki bomani kwenda kushika maiti za watu. Mzee Wabwile alikuwa ameketi mlangoni mwa banda na alikuwa amesikia kila kitu. Aliinua uso, na kwa mara ya kwanza tangu Nasimiyu aolewe pale, alimtazama machoni.

"Enda naye," alisema.

Mhudumu wa mochari alikuwa yuleyule. Alimkumbuka Nasimiyu akampa pole, akauliza huyu ni nani wake. "Ni mtoto wa huyu mama," Nasimiyu alijibu. Akavuta pumzi, akaenda moja kwa moja upande wa miguu, kwa sababu hakutaka kujipa nafasi ya kusitasita.

Vidole viwili vya mguu wa kushoto vilikuwa vimeshikana.

Maji hayakuwa yamefanya jambo lolote. Ngozi haikuwa imeachana. Kilikuwa kidole cha Khisa na kingine cha Khisa, vile ambavyo Nasimiyu alivipaka mafuta usiku wa baridi, vile ambavyo Nangila alivisugua akiogeshwa. Alitaka kumwangukia. Alitaka kupiga nduru ile ambayo mkekani Malakisi aliipiga kwa uongo, na sasa alikuwa nayo ya kweli imemjaa kifuani. Alishika ukingo wa meza ya saruji. Siku zote hizi alikuwa akimlilia mtu mwingine, na huyu hapa, amengoja majini mpaka mahali pake pakachukuliwa, na aliyepatoa ni mke wake.

"Ni yeye?" Akiru aliuliza.

"Ni yeye, Mama," Nasimiyu alisema. "Ni Ekai."

Mhudumu alishusha pumzi, akasema anakwenda kumwita mwenzake waje wamtayarishe. Mlango ukafungwa nyuma yake.

Akiru hakulia. Alisogea polepole akiupapasa ukingo wa meza mpaka akafika kichwani. Aliweka mkono juu ya kitambaa, akauingiza chini yake. Vidole vyake vilikuwa vimezoea kutafuta mahali palipobaki nyama kwenye mfupa, na vilikwenda bila haraka, paji, shavu au kilichobaki cha shavu, taya. Vikaingia mdomoni. Ekai alikuwa ameng'olewa meno mawili ya chini alipokuwa mdogo, kwa nyanya yake kule Lokichar, kama watu wa zamani. Vijana wa Kitale walimcheka sana pengo hilo, na yeye alijifunza kupigia mbinja humo. Vidole vya Akiru vilipita kwenye meno ya chini kutoka upande mmoja hadi mwingine. Vikarudi. Yalikuwa yamejaa, hakuna lililokosekana.

Alitoa mkono wake, akaufuta kwenye leso. Akageuza macho yake meupe kuelekea pale alipokuwa Nasimiyu.

"Hiyo sweta," alisema, "walikuwa wanavaa wote wawili."

"Ndiyo, Mama."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Na mimi nimepapasa huyo udongo." Hakuwa anauliza. Alisimama hivyo, akipumua kwa mdomo. "Hao wazee wenu walimwosha mtoto wangu?"

"Baba yake Khisa alimwosha. Alimwosha vizuri, Mama."

"Basi alimwona."

"Alimwona."

"Akamfanya nini?"

Nasimiyu angeweza kudanganya. Alikwisha kuwa hodari. Lakini alichoka, na huyu alikuwa mama, na mumewe alikuwa amelala katikati yao.

"Walimkata," alisema. "Mzee alimshika miguu."

Akiru alikaa chini, sakafuni palepale, miguu imenyooka mbele yake. Nasimiyu alingoja nduru, alingoja laana. Mwanamke yule alipoongea, sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyotisha.

"Alikataa," alisema. "Hapa Kitale walimtukana, ati yeye si mwanaume. Hata Khisa alikuwa anamtania, ati twende kwetu Agosti tukufanye mtu. Akakataa. Akaniambia, Mama, nitakufa vile ulinizaa. Na akakufa vile nilimzaa. Nyinyi mkamfuata huko amekufa."

"Mama, nitasema. Nitaenda kwa chifu. Tutafukua, utamchukua Ekai wako, na mimi nichukue—"

"Nitachukua nini? Mtanipatia mtu wenu sasa." Alijivuta akasimama kwa kuushika ukingo wa meza. "Hapana. Watu wa Kipsongo wamechimba tayari, kule makaburi ya mji. Wanangoja Ekai. Huyu ataenda, atakuwa Ekai. Wewe utakuja, utasimama nyuma na majirani, na hutalia kama bibi yake. Utalia kama mtu wa samaki."

"Sawa, Mama."

"Lakini hatalala kwa jina ya mtoto wangu na hii meno yote."

Alifungua pindo la shuka lake kiunoni, akatoa kisu kifupi kinene, kile cha kufungulia vichwa vya sangara, ambacho alitembea nacho kila mahali. Nasimiyu alirudi nyuma hadi mgongo ukagonga ukuta.

"Usiseme ni desturi ya Waturkana," Akiru alisema. "Hakuna mtu kwetu anafanyia maiti hivi. Hii ni mimi. Ekai aling'olewa meno akiwa mdogo nikimshika, na yule mzee wako alimshika mtoto wangu. Huyu naye atashikwa." Alipapasa taya tena, akapata mahali, akaweka ncha ya kisu. "Kuja. Mimi sioni vizuri. Shika."

Nje mhudumu alisikika akicheka na mwenzake, bado yuko mbali na mlango. Nasimiyu angeweza kuita. Wangekuja, na Khisa angebaki na meno yake, na jina lake lingerudi, na kule Malakisi wangefukua, na mzee Wabwile angeondoka mlangoni mwa banda lake mbele ya ukoo mzima kueleza alichofanya na kisu cha Wekoye. Alilifikiria hilo lote. Kisha akaondoka ukutani, akazunguka meza, akakishika kichwa cha mume wake kwa mikono miwili, akakishikilia kisitikisike.